Stempu Haibandikwi kwenye Wimbo wa Simu



Bagamoyo imefundisha wasanii tangu 1981, kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa, ambacho tangu 2007 ni TaSUBa. Sheria ya hakimiliki ilitungwa 1999. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwa diski za muziki na filamu. Hatua njema, ila stempu haibandikwi kwenye wimbo uliochukuliwa intaneti na kuingizwa katika memori kadi kibandani. Muuzaji halali alilipa kodi, kisha akashindana na mali ya wizi. Mwanamuziki aliyeibiwa angalau anabaki na jukwaa; mtengenezaji filamu alitegemea nakala zinunuliwe. Wala wanaozitumia nakala hizo si wahuni peke yao: hata kompyuta za ofisini zimepata kuzihifadhi.