Tiba ya Siku Moja Huokoa Maisha na Mali



Kansa ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa kansa za wanawake wa Uganda. Lakini haizuki kwa ghafula. Hutanguliwa na mabadiliko madogo, yasiyo na maumivu, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mingi kabla ya kuwa kansa. Katika muda huo muuguzi aliyefunzwa hupaka siki, hungoja dakika moja, na akiona doa jeupe linalofaa kutibiwa papo hapo, huliunguza kwa chombo cha joto. Hapahitajiwi dawa ya usingizi wala kitanda cha wodi. Mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Basi gharama iko wapi? Imo katika maneno mawili: "njoo tena". Mwanamke ateremkaye Mlima Elgon hadi Mbale hulipa nauli, akaacha shamba na watoto. Akiambiwa arudi mwezi ujao, pengine hatarudi mpaka ugonjwa umekwisha kukomaa. Hapo safari itakuwa ya Taasisi ya Kansa, Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mbale na kama 80 kutoka Jinja. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika huko Mulago, wagonjwa wakataabika. Waliotibiwa mapema hawakuihitaji.

Kwa hiyo hospitali za rufani zapaswa kupima na kutibu kwa siku moja kila inapowezekana, na kuandika majibu yote katika barua ya rufani ili vipimo visirudiwe bure. Hata hivyo, kuharakisha si kufukuza. Doa kubwa, au lililoingia ndani, ni la daktari mpasuaji. Wala mgonjwa wa mbali asiruhusiwe jioni bila kuelezwa dalili za hatari na mahali pa kukimbilia.

Nanyi askari mna sehemu yenu. Mkuu wa kikosi atoaye ruhusa ya siku moja leo, huepusha ruhusa ya miezi kesho. Mume asimzuie mkewe kupimwa; na binti wa miaka 10 apate chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2015. Askari hangoji adui avuke mto ndipo apange ulinzi. Mpelekeni mama kliniki angali mzima.