Taka za Hospitali na Dhamana ya Mkono wa Kwanza

Mheshimiwa Mwenyekiti, waganga, wauguzi, mabwana afya na mabibi afya, na ninyi wasafishaji, ambao ni nadra kualikwa katika majlisi kama hii ilhali ndinyi mnaozibeba taka zetu kwa mikono yenu:

Mada niliyokabidhiwa ni namna ya kuzihifadhi na kuziteketeza taka za hospitali pasipo kumdhuru mtu; na aghalabu jambo hili linapotajwa, fikra zetu hukimbilia kwenye tanuri, moshi wake na bei yake. Rai yangu ni kwamba salama ya taka huamuliwa na mkono wa kwanza unaozitupa, na kosa lililotendwa wodini ni taabu mno kusahihishwa tanurini.

Kwa hisabu ya Shirika la Afya Duniani, katika kila kilo 100 za taka zitokazo mahali pa tiba, kilo 85 hivi ni karatasi, maboksi, mabaki ya chakula na mfano wa hayo, yasiyozidi kwa hatari taka za majumbani. 15 zilizobaki ndizo zenye madhara, kama bandeji zilizoloa damu, makondo ya nyuma, kemikali na vitu vyenye ncha kali. Basi bandeji moja yenye usaha ikitiwa katika pipa la karatasi, pipa zima shuruti lihesabiwe kuwa na maradhi, na gharama iliyokusudiwa kwa kilo chache huangukia mzigo mzima. Kwa ajili hiyo Tanzania tumewekewa rangi: nyeusi au buluu kwa taka za kawaida, manjano kwa zenye maambukizo, na nyekundu kwa zile zenye maambukizo makali.

Katika taka zote hizi, iliyo ndogo ndiyo ya kuhofiwa zaidi. Mtu asiyechanjwa, akichomwa na sindano iliyotoka kwa mwenye homa ya ini aina ya B, hatari ya kuambukizwa yaweza kufika 30 katika 100. Kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 katika 1,000. Shirika hilohilo lilikadiria kuwa katika mwaka 2000 pekee sindano zisizo safi zilileta maambukizo milioni 21 ya homa hiyo ya ini. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa hiyo sindano iliyokwisha kutumika isirudishiwe kifuniko, bali itiwe papo hapo, pamoja na bomba lake, katika kisanduku kigumu kilicho karibu na mchomaji. Nacho kikijaa robo tatu kifungwe, wala kisishindiliwe kwa tamaa ya kuokoa nafasi.

Tanuri nalo lina masharti yake. Lapasa liwe na vyumba viwili, na joto la chumba cha pili lisipungue nyuzi 850 za sentigredi. Maana plastiki za PVC zikiungua kwa moto hafifu huzaa dioksini, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umezitaka serikali ziipunguze. Na kipimajoto cha zebaki kilichotupwa kwa kughafilika katika mfuko wa manjano hakiteketei: zebaki hupanda na moshi ikawashukia majirani. Hata mtungi wa mvuke, ambao huua vijidudu kwa nyuzi 121 bila ya moshi, hauwezi kuondoa kemikali iliyochanganywa na taka. Kila chombo hutenda kwa kadiri ya kile kilichopewa.

Kwa hayo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, vyombo vya rangi viwepo katika kila chumba cha tiba, si ukumbini tu, na taka zipimwe kila siku kwa jina la wodi, ili uzembe ujulikane ulipotokea. Pili, msafishaji apate chanjo kamili ya homa ya ini, glavu nene na viatu vya kufunika miguu kabla hajakabidhiwa ufagio. Na akichomwa, ahudumiwe mara moja, kwani dawa za kuzuia UKIMWI hutakiwa zianzwe kabla ya kupita saa 72. Tatu, bajeti ya tanuri isipitishwe mpaka bajeti ya mifuko na visanduku iwe imetimizwa.