Lini Mbabe wa Chuma Atundike Mkanda?

Tarehe 9 Julai 2016, mjini Leeds, Uingereza, Eddie Hall alinyanyua kilo 500 kutoka sakafuni hadi akasimama wima nazo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Chuma kiliporudi chini, damu ilimchuruzika puani, akazimia, na kwa muda macho yake hayakuona vizuri. Mwaka uliofuata, nchini Botswana, alitwaa taji la Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani. Alikuwa na miaka 29 na uzito wake ulikaribia kilo 200. Akatangaza kwamba harudi kulitetea.

Kwa hesabu za mchezo huo, alikuwa bado kijana. Brian Shaw wa Marekani alichukua taji lake la nne akiwa na miaka 34. Žydrūnas Savickas wa Lithuania alichukua la kwake la nne akiwa na miaka 38. Hall huenda aliacha mataji mengine njiani. Hata hivyo, mhadhara huu unashikilia kwamba aliondoka kwa wakati wake, na kwamba uamuzi wa aina hiyo hauwezi kueleweka pale daktari anapozungumzia moyo peke yake na mhasibu akazungumzia pesa peke yake.

Goti likiumia, hupiga kelele. Moyo hukaa kimya miaka mingi. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipima shinikizo la damu ndani ya mshipa wakati wanyanyuaji wakisukuma uzito kwa miguu huku wamebana pumzi. Kwa mmoja wao lilipita 480 kwa 350, ilhali la mtu mzima mwenye afya huwa kama 120 kwa 80. Kilele hicho hudumu sekunde chache tu, na mwili uliozoeshwa hukistahimili. Kinachotisha zaidi ni yale yasiyokoma: mwili wa kilo 180 unaodai damu usiku na mchana, na koo linaloziba usingizini, kiasi kwamba wababe wengi hulala wamevaa barakoa ya mashine ya kusukuma hewa. Panapotumiwa steroidi, kuta za moyo huzidi kuwa nene. Na moyo haujali sana kama kilo hizo ni za msuli au za mafuta.

Jón Páll Sigmarsson wa Iceland alikuwa ameshinda taji lilelile la Hall mara nne. Tarehe 16 Januari 1993 alifia mazoezini Reykjavik, akinyanyua chuma, akiwa na miaka 32. Nguvu zilikuwa bado zipo. Mwanamichezo anayesubiri nguvu zipungue ndipo astaafu anasubiri dalili ambayo huenda isije kabisa.

Mgongo nao una habari yake. Ronnie Coleman, askari polisi wa Arlington, Texas, alishinda taji la Mr. Olympia la kujenga misuli mara nane mfululizo, 1998 hadi 2005. Baadaye alipasuliwa mara nyingi mgongoni na nyongani, na leo hatembei bila msaada. Alipoulizwa kuhusu majuto, alisema angetamani kuchuchumaa mara nne na kilo 363 badala ya zile mara mbili alizorekodiwa. Ujasiri huo unastahili heshima. Lakini mtu mwenye moyo wa namna hiyo asiachiwe peke yake kazi ya kupanga siku ya kuacha.

Hapa ndipo pesa zinapoingia. Wababe wengi hawaishi kwa zawadi za ushindi. Hall alikuwa fundi wa malori kabla ya umaarufu. Jina la bingwa huuzika kwa bei ya juu taji likiwa bado bichi, na yeye alilijua hilo: zikafuata kitabu, vipindi vya televisheni, na Machi 2022 pambano la ngumi na mbabe mwenzake Hafþór Björnsson huko Dubai. Mariusz Pudzianowski wa Poland, bingwa mara tano, alishinda mara ya mwisho 2008. Desemba 2009 alikuwa tayari ulingoni katika mapigano mseto. Shaw alijijengea hadhira YouTube, akaanzisha shindano lake mwenyewe, na Agosti 2023, akiwa na miaka 41, aliagia huko huko kwa ushindi. Wote hao waliandaa kipato kingine wakiwa bado na nguvu.

Mark Felix, mwenye asili ya Grenada anayeishi Uingereza, aliendelea kushindana hadi 2023, akiwa na miaka 57. Alikuwa mwepesi kuliko majitu wenzake, na alikuwa na kazi ya kupiga plasta. Kodi ya nyumba haikutegemea jukwaa, kwa hiyo angeweza kuacha siku yoyote ambayo mwili ungekataa. Anayestahili kuhofiwa zaidi ni yule wa miaka 33 asiye na fani nyingine, anayeficha maumivu kwa sababu mdhamini anahitaji picha ya mashindano yajayo.

Katika unyanyuaji wa Olimpiki serikali hubeba sehemu ya mzigo. Hossein Rezazadeh wa Iran, bingwa wa 2000 na 2004, aliiacha michezo ya Beijing 2008 kwa ushauri wa madaktari, akastaafu, kisha akapewa nafasi katika uongozi wa mchezo huo nchini mwake. Daktari husikilizwa kwa urahisi zaidi pale mchezaji anapojua kesho atakula nini.

Kuacha jukwaa pia hakutoshi. Aliyezoea zaidi ya kalori 10,000 kwa siku huweza kubaki na hamu ileile mazoezi yanapopungua, na asiposhuka uzito moyo wake haujastaafu. Hall na Björnsson walipunguza makumi ya kilo, wakiwa na fedha na wataalamu wa kuwasimamia. Wenzao wasio na jina kubwa wanahitaji usimamizi huohuo kwa miaka miwili ya kwanza, na mkataba wa udhamini ni mahali pazuri pa kuuandika. Na kwa walio bado jukwaani, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti huchukua chini ya saa moja. Waandaaji wanaolipia kamera na viwanja kwa siku kadhaa wanaweza kukilipia pia, na kumzuia mshindani ambaye majibu yake ni mabaya.