Ushirika wa Wapuliza Filimbi na Klarineti
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu)



Nimepewa heshima ya kusema juu ya muziki, katika siku ambayo wengi wenu mlitazamia habari za bei na mizani. Naomba radhi; lakini natumaini mtaona kwamba sikutoka nje ya mambo ya ushirika.

Asubuhi mmesikia vijana wetu wakipuliza filimbi, klarineti na saksofoni. Wametoka katika vyama vya msingi mbalimbali, na hapo zamani kila mmoja alipiga peke yake nyuma ya nyumba yake. Walichokosa hakikuwa pumzi, bali nota za kupiga na mwenzi wa kupiga naye.

Chombo hicho si mgeni kwetu kama wengi wanavyodhani. Klarineti nyingi zilizo bora huchongwa kwa mpingo, mti wa misitu ya Tanzania na Msumbiji, mzito hata gogo lake huzama majini. Hukua polepole mno, hivyo aupandaye huwapandia wajukuu. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata hati ya kimataifa ya kuthibitisha kwamba misitu yao inavunwa kwa utaratibu mwema. Basi mti ni wetu. Ni haya kuuza gogo na kutoijua sauti yake.

Ndugu zangu, nina jambo la kuungama. Ujanani nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na sanduku la nota alizonakili kwa mkono wake usiku kwa taa ya kandili. Mimi nilinakili nyimbo sita tu. Nyingine nilisema nitanakili kesho. Mzee alipofariki, sanduku liliwekwa sakafuni katika chumba cha nyuma. Nilipokwenda kuliomba, mchwa walikuwa wamekwisha kulisoma kabla yangu. Sikumlaumu mtu wa nyumba ile. Kosa lilikuwa langu, kwani mali iliyo katika nakala moja ni mali iliyokwisha kupotea nusu.

Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao kwa sababu kila mmoja peke yake alikuwa mnyonge mbele ya bei. Nota nazo zina tabia hiyo, tena zimezidi unga kwa jambo moja: ukimgawia jirani kibaba cha unga, chako hupungua, ukimpa nakala ya wimbo, wako hubaki mzima, na kesho mnaweza kuupiga wawili.

Lakini kugawana kwataka elimu. Mpiga filimbi na mpiga klarineti wakisoma karatasi moja, sauti zao hugombana. Maana klarineti ya kawaida hutoa sauti iliyo chini kwa toni moja kuliko ile iliyoandikwa, na saksofoni ya alto hushuka toni nne na nusu. Hapana budi kila chombo kiandikiwe karatasi yake. Kazi hiyo huchukua jioni nzima kwa wimbo mmoja. Je, si hasara watu watano wa vijiji vitano wauandike upya wimbo ule ule, kila mmoja asijue habari za mwenzake?

Kadhalika, tusigawane kisicho chetu. Mozart alimaliza tungo yake kubwa ya klarineti na okestra mwaka 1791, akafariki mwaka huo huo. Tungo hiyo ni ya watu wote, ingawa chapa mpya yaweza kuwa na mwenyewe. Lakini sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 iliilinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtunzi wa kwaya aliye hai ni mkulima wa aina yake: tusiingie shambani mwake bila hodi. Tumwombe ruhusa, na jina lake liandikwe juu ya kila nakala.

Mjumbe mmoja aliniuliza, “Mwalimu, nota hushibisha?” Swali lake ni la haki, hasa mwaka ambao malipo yamechelewa. Siombi hata senti moja ya mkulima. Naomba mambo matatu: kabati moja lenye mlango, lililoinuliwa kutoka sakafuni, katika ofisi ya Chama Kikuu, daftari la kuandika nani ameazima nini, na kanuni kwamba atakayeazima nyimbo mbili arudishe tatu, ya tatu ikiwa ameinakili yeye mwenyewe. Mlango huo uwe wazi kwa wasichana sawasawa na wavulana, na kwa anayeanza sawasawa na fundi.

Bwana Mwenyekiti, zile nyimbo sita za mwalimu wangu ninazo hapa mkononi. Leo nazikabidhi kwa Chama, ziwe mbegu ya kwanza ya ghala hilo. Nisingependa kijana wa kesho aje kufungua sanduku akakuta vumbi.

Udumu ushirika wetu.