Mafuta ya Chombo

Leo nataka kusema nanyi habari ya chombo cha mashine na mafuta yake, kwani hapa Tumbe mafuta huweza kula faida ya samaki kabla samaki hawajafika mnadani.

Maji hayapasuliwi bure. Tuseme chombo kizito chaenda safari ya maili 60 kwa mwendo wa maili 10 kwa saa, nacho chatumia lita 100. Kikienda maili 9 kwa saa, kitatumia lita zipatazo 81, na kitachelewa dakika 40 tu. Wenye meli kubwa walijua jambo hili: mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda mno, wengi walipunguza mwendo wa meli zao.

Lakini hata mwenda pole hukwama akiishiwa mafuta. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Basi nahodha aendaye Mombasa kwa kusi husukumwa na upepo na maji. Akirudi hupigana na vyote viwili. Asipime mafuta ya kurudi kwa yale ya kwenda. Na agawe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi lililo kubwa zaidi, na la akiba lisiloguswa ila kwa dharura.

Mafuta hupimwa pwani, kabla ya kung'oa nanga. Akiba ni mzigo mdogo. Mashine ikizimika baharini, kitakachopotea si samaki peke yao, bali roho za watu.

Kwaherini.