Mkojo Ukichoma, Tusinyamaze

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kalokol)

Akina mama, wazee na vijana wa vikundi vya samaki na vya vikapu, tunawashukuru kwa kuacha kazi na kuja. Leo tuongee juu ya jambo linalotajwa kwa sauti ya chini tu: maumivu wakati wa kukojoa. Wengi wetu hunyamaza mpaka tulale chini kwa homa.

Kwa nini tunanyamaza? Kwa sababu wa kwanza kusikia atasema, "Huyo ana ugonjwa wa zinaa." Sasa tuelewane. Mkojo kuchoma si jina la ugonjwa. Ni ishara, na ishara hiyo moja huletwa na magonjwa mbalimbali. Hakuna anayeweza kukutazama usoni akajua ni gani.

Kwa akina mama, mara nyingi ni vijidudu vilivyoingia njia ya mkojo. Vingi hutoka kwenye haja kubwa ya mtu mwenyewe. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, tena iko karibu na mahali pa haja kubwa, basi vinafika upesi kwenye kibofu. Hata msichana ambaye hajamjua mwanamume anaweza kuugua, hata mtoto mdogo. Kwa hiyo mume asikimbilie fimbo, na mama mkwe asikimbilie maneno.

Pia kuna kisonono na magonjwa mengine ya zinaa. Mwanamume huona usaha, lakini mwanamke anaweza kukaa nao bila dalili yoyote. Hapo mke na mume watibiwe pamoja, la sivyo wataambukizana tena. Kuna vijiwe vya figo, ambavyo huja zaidi kwa watu wa jua kali wanaokunywa maji kidogo. Na mzee wa kiume ambaye mkojo unatoka kwa shida, huenda ni tezi dume imevimba.

Hapa kwetu maji ni shida, tunajua. Mama anayekausha samaki juani tangu asubuhi hunywa kidogo ili maji yatoshe watoto. Tena hujizuia kukojoa mpaka giza, maana hakuna choo wala kichaka cha kujificha. Mkojo ukikaa sana kwenye kibofu, vijidudu hupata nafasi ya kuzaana. Tuangalie rangi yake: ukiwa manjano hafifu, maji yanatosha, ukiwa mweusi kama strungi, ongeza maji. Tunywe ya kisima au ya bomba. Maji ya Ziwa Turkana yana chumvi na madini ya floraidi, na kuyachemsha hakuviondoi.

Mengine ya kujikinga hayahitaji pesa. Ukimaliza haja kubwa, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na wasichana wafundishwe hivyo. Mama akojoe baada ya kulala na mume. Asijioshe ndani kwa sabuni, kwa kuwa sabuni huwasha na kuharibu kinga ya mwili.

Sasa dawa. Wengi wetu hukimbilia dukani kununua kapsuli mbili tatu, au kumeza zilizobaki za jirani. Maumivu yanapoa siku moja, kisha yanarudi. Vijidudu vilivyobaki huzoea dawa, na kesho haiviui tena. Enda zahanati, toa mkojo upimwe, na ukipewa dawa uzimalize hata kama umepona siku ya pili.

Kuna hali ambazo haziwezi kungoja hata siku moja: homa na kutetemeka, maumivu ya mgongo upande wa mbavu, kutapika, damu kwenye mkojo, au mkojo kukataa kutoka kabisa. Hiyo huenda ni figo. Mama mjamzito aende mara moja, hata kama unachoma kidogo tu, kwa maana ugonjwa ukipanda kwenye figo unaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na mtoto akapotea. Kutoka hapa mpaka hospitali ya Lodwar ni kama kilomita 60. Wenzetu wa Kakuma wanayo Hospitali ya Misheni karibu.

Hapa ndipo kikundi kinapoingia. Tunachanga kwa harusi na kwa matanga. Kwa nini tusitenge kidogo kila mkutano kwa nauli ya mgonjwa? Kikundi kichague mama mmoja na mzee mmoja wa kuaminika, wasiopeleka siri za watu sokoni, ili mwenye maumivu ajue wa kumwendea. Na tuanze kuchimba choo karibu na mahali pa kukaushia samaki, ili mama asijizuie tena kutwa nzima. Mikono tunayo, na kazi hiyo tuliyoizoea haitushindi.

Basi kila kikundi kijadili mambo haya matatu: nauli, watu wa kuaminika, na choo. Mwenye kuumwa leo asingoje mkutano, aende apimwe.