Nyumba Mpya Chara, Ardhi ya Nani?
Msikilizaji, nyumba mpya ya mabati yanayong'aa, juu ya ekari kadhaa huko Chara katika Delta ya Tana, yavutia macho. Lakini kabla hujatoa hela, uliza ardhi ni ya nani. Sehemu kubwa ya delta hiyo ni ardhi ya jamii. Sheria ya Kenya ya ardhi ya jamii, ya mwaka 2016, inataka thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa wakubali ndipo iuzwe. Ikiwa jamii haijasajiliwa, kaunti ni mdhamini tu, haina ruhusa ya kuiuza. Saini ya mzee mmoja, hata awe na heshima kiasi gani, haitoshi. Kisha, kwa kuwa delta hufurika, waulize wakulima Wapokomo wanaolima jirani maji yalifika wapi wakati wa mafuriko ya 2023. Watakuonyesha alama mtini.